Chumvi Haibaki Baharini: Kinga ya Metali Dhidi ya Ulikaji

Wakazi wa nyanda za juu za kusini aghalabu huiona kutu kuwa ni taabu ya watu wa pwani. Husemwa kwamba bati la Bagamoyo au la Mafia huliwa na hewa ya bahari, ilhali bati la Njombe, lililo mamia ya kilomita kutoka pwani na zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, liko salama. Usemi huo una ukweli, lakini si ukweli wote. Chumvi husafiri, na tena ziko chumvi nyingi zisizotoka baharini. Makala haya yanaanza na kifaa kidogo cha mvuvi, yanaeleza jinsi kinavyoliwa na jinsi ya kukikinga, kisha yanaonyesha kwamba kanuni zile zile zinahusu vyombo vya mkulima wa Njombe na Makambako.

Mfano wa kuanzia

Uchukuliwe mfano wa mtumishi wa Makambako aliyekwenda likizo pwani, naye akapenda kuvua kwa mshipi. Akanunua ufito wa kuvulia pamoja na gurudumu la mshipi, yaani kile kifaa chenye mkono wa kuzungusha, kinachofungwa kwenye ufito na kuukunja mshipi samaki anapovutwa. Akavua siku tatu kwa furaha. Siku ya nne akakifuta kifaa chake kwa kitambaa, akakitia katika mfuko wa nailoni, akapanda basi kurudi nyumbani kwa njia ya Morogoro na Iringa. Nia yake ilikuwa kukitumia tena katika Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa, ambako maji si ya chumvi.

Miezi mitatu ikapita kabla ya safari ya Ludewa. Alipoufungua mfuko, mkono wa kifaa haukuzunguka. Penye skrubu palikuwa na unga mweupe, na katika matundu ya ndani palitoka maji ya rangi ya kahawia. Mwenye kifaa akasema kwamba muuzaji alimdanganya. Jirani yake akasema kwamba baridi ya Makambako ndiyo iliyokaza grisi. Je, ni nani mwenye haki? Kifaa hakikuliona tena tone la maji ya bahari tangu kilipoondoka pwani. Basi kililiwa na nini, na lini?

Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo ameelewa sehemu kubwa ya somo la ulikaji wa metali.

Kutu ni nini?

Chuma hakipatikani ardhini kikiwa safi. Katika milima ya Liganga, wilayani Ludewa, chuma kimo ndani ya mawe kikiwa kimeungana na oksijeni. Ili kukitenganisha na oksijeni hiyo hutumika joto kali na makaa, yaani hutumika nishati nyingi. Chuma kilichokwisha kutengenezwa kina nishati hiyo ndani yake, nacho huelekea kuiachia na kurudi katika hali yake ya kwanza. Msumari unaoshika kutu uko safarini kurudi kuwa jiwe la Liganga. Kazi ya mwenye chombo ni kuichelewesha safari hiyo.

Safari hiyo huhitaji mambo mawili kwa pamoja: maji na oksijeni. Kikikosekana kimoja, kutu ya kawaida haipatikani. Juu ya uso wa chuma kilicholowa hutokea sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, iitwayo anodi, atomu za chuma huacha elektroni na kuingia majini zikiwa ayoni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Elektroni hizo hupita ndani ya metali hadi sehemu ya pili, iitwayo kathodi, ambako hupokewa na oksijeni iliyoyeyuka majini:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Ayoni za chuma na za haidroksidi hukutana, huungana, na kwa kuongezewa oksijeni zaidi hugeuka kuwa ule unga wa rangi ya kahawia unaoitwa kutu. Ieleweke basi kwamba ulikaji si kuoza wala kuchakaa tu. Ni mkondo wa umeme. Elektroni hupita katika metali, nazo ayoni hupita katika maji, na mzunguko huo ukikatwa mahali popote ulikaji husimama.

Umeme huo unaweza kupimwa na kukokotolewa. Mkondo wa milliampea 1 ukipita mwaka mzima kutoka anodi ya chuma, huondoa takriban gramu 9 za chuma. Skrubu ndogo ya kifaa cha mvuvi ina uzito wa gramu moja au mbili. Mkondo ambao usingeweza kuwasha hata taa ya tochi unatosha kuimaliza skrubu hiyo kabla mwaka haujapita.

Kazi tatu za chumvi

Hapa ndipo chumvi inapoingia, na ni lazima ieleweke kwamba chumvi yenyewe haili chuma. Chumvi iliyokauka kabisa, iliyowekwa juu ya chuma kikavu katika hewa kavu, haifanyi kitu. Chumvi ni msaidizi, nayo ina kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi. Kilo 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali, na sehemu kubwa ni kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya mezani. Maji hayo hupitisha umeme vizuri zaidi ya mara mia moja kuliko maji ya Ziwa Nyasa. Mkondo wa ulikaji huenda mbali zaidi na kwa nguvu zaidi.

Kazi ya pili ni kubomoa ngozi za kinga. Alumini na chuma cha pua kisichoshika kutu hujifunika wenyewe kwa utando mwembamba sana wa oksidi, na utando huo ndio unaovikinga. Ayoni za kloridi hupenya palipo dhaifu, zikatoboa vishimo vidogo. Kwa nje kishimo huonekana kama ncha ya sindano, lakini kwa ndani hupanuka. Ndiyo maana kifaa kilichoandikwa kwamba hakishiki kutu huweza kuharibika baharini.

Kazi ya tatu ndiyo inayolijibu swali la Makambako. Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Kloridi ya sodiamu huanza kuyeyuka kwa maji ya hewa pale unyevu wa hewa unapofikia asilimia 75 hivi. Kloridi ya magnesi, ambayo nayo imo katika maji ya bahari, huanza kwenye asilimia 33 tu. Kwa hiyo kifaa kilichokaushwa kwa kitambaa hakikukauka. Ndani ya gia na beringi zake mlibaki punje za chumvi, nazo zilikunywa unyevu wa hewa usiku baada ya usiku. Makambako na Njombe, katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, asubuhi nyingi huwa na ukungu na umande. Tena kifaa kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ambao uliuzuia unyevu usitoke mchana jua lilipowaka.

Jibu ni kwamba muuzaji hakudanganya, wala baridi haikukaza grisi. Mtumishi yule alisafiri na bahari ndani ya mfuko wake, na ukungu wa Makambako ukaifanya iwe maji tena.

Metali mbili katika chombo kimoja

Gurudumu la mshipi lina jambo jingine la hatari. Kasha lake kwa kawaida ni la aloi ya alumini. Gia yake kuu huweza kuwa ya shaba nyeupe, yaani aloi ya shaba na zinki. Skrubu na mhimili ni vya chuma cha pua. Metali hizo zote zinagusana, na maji ya chumvi yako kati yake.

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri ya kwanza. Alipanga visahani vya zinki na vya shaba au fedha kwa zamu, na kati yake akaweka vipande vya kitambaa au karatasi nene vilivyoloweshwa katika maji ya chumvi. Kifaa cha mvuvi kisichooshwa ni ndugu wa betri hiyo. Tofauti ni kwamba betri ya Volta ilitoa umeme wa kutumiwa, lakini umeme wa kifaa cha mvuvi huzunguka humo humo na kula metali iliyo dhaifu.

Ipi ni dhaifu? Katika maji ya bahari metali za kawaida hupangwa hivi, kuanzia ile inayoliwa kwa wepesi zaidi: magnesi, zinki, aloi za alumini, chuma, shaba nyeupe, shaba nyekundu, na chuma cha pua ambacho utando wake uko imara. Mwalimu ataona kwamba mpango huu hauko sawa kabisa na ule wa vitabu vya kemia, ambao huitanguliza alumini mbele ya zinki. Tofauti hiyo inatokana na utando wa oksidi wa alumini. Zikigusana metali mbili majini, iliyotangulia katika mpango huwa anodi na kuliwa, na iliyofuata hukingwa. Kwa hiyo ule unga mweupe uliozizunguka skrubu ulikuwa ni alumini ya kasha, iliyoliwa kwa ajili ya skrubu za chuma cha pua. Skrubu zenyewe zilikuwa zinang'aa.

Jambo linaloharibu laweza pia kutumiwa kukinga. Mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza alishauri vipande vya zinki au chuma vifungwe kwenye mashuka ya shaba yaliyofunika matumbo ya merikebu. Shaba ilikingwa kweli, lakini likazuka tatizo lisilotazamiwa: viumbe wa baharini, ambao hapo kwanza waliuawa na sumu ya shaba iliyokuwa ikiyeyuka polepole, sasa walinata kwa wingi na kuipunguzia merikebu mwendo. Hata hivyo kanuni ilibaki. Mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa alipata hati ya haki ya uvumbuzi ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka. Mabati yanayoezeka nyumba za Njombe na Makambako leo ni matunda ya kazi hiyo. Bati likikwaruzwa, zinki iliyo kandokando ya mkwaruzo huliwa kwanza, na chuma husalimika kwa muda.

Kukitunza kifaa cha mvuvi

Baada ya maelezo hayo, utunzaji wa gurudumu la mshipi si mambo ya kukariri. Kila hatua ina sababu yake.

Hatua ya kwanza ni kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, siku ile ile ya kuvua, kabla chumvi haijakauka na kuwa punje. Breki ya mshipi ikazwe kwanza ili maji yasiingie katika visahani vyake. Maji yamwagwe taratibu, kama mvua ya manyunyu. Maji ya bomba yenye nguvu hayafai, kwa sababu huisukuma chumvi ndani ya beringi badala ya kuitoa. Kifaa kisizamishwe katika ndoo pia, kwani chumvi itayeyuka katika maji ya ndoo na kuingia nayo ndani.

Hatua ya pili ni kukausha. Kifaa kifutwe, kitikiswe, kisha kiachwe kivulini penye upepo mpaka kikauke. Baada ya hapo breki ilegezwe, ili visahani vyake visibaki vimebanwa.

Hatua ya tatu ni mafuta. Tone moja la mafuta mepesi litiwe katika beringi na maungio ya mkono, na grisi ya kiasi katika gia. Mafuta huzuia maji na oksijeni visiifikie metali. Lakini hapa hufanyika kosa kubwa kuliko yote: kutia mafuta juu ya chumvi. Mafuta yakitangulia kuosha, chumvi na unyevu wake hubaki chini ya mafuta, na ulikaji huendelea gizani. Kuosha, kukausha, kupaka: mpangilio huo haubadiliki.

Hatua ya nne ni kuhifadhi mahali pakavu, katika mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa. Mara moja kwa mwaka kifaa kifunguliwe na fundi au na mwenyewe, grisi ya zamani iondolewe kwa mafuta ya taa, na ipakwe mpya.

Chumvi za shambani

Huenda mwanafunzi wa Makambako akauliza faida ya somo hili kwake, ikiwa nyumbani kwao hakuna mvuvi. Jibu liko katika ghala ya mbolea.

Katika kemia neno chumvi lina maana pana kuliko chumvi ya mezani. Mbolea ya CAN ina naitreti ya amonia. DAP ni fosfeti ya amonia. SA ni salfeti ya amonia. Zote ni chumvi, zote huyeyuka majini na kuyafanya yapitishe umeme, na CAN hasa hujulikana kwa kunywa maji ya hewa mpaka mfuko uliofunguliwa hugeuka tope. Jembe lililoegemezwa kwenye mfuko wa mbolea, ukuta wa bati wa ghala, sakafu ya lori lililopakua mbolea Makambako na kupakia mbao bila kuoshwa: vyote hivyo viko katika hali ile ile ya gurudumu la mshipi. Bahari yake ni mbolea, na maji yake ni ukungu wa Julai.

Chombo kinachostahili kuangaliwa zaidi ni bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Wilaya za Njombe hulima viazi kwa wingi, na adui mkubwa wa viazi penye baridi na unyevu ni ukungu wa majani, ugonjwa ule ule ulioangamiza viazi vya Ailandi kuanzia mwaka 1845. Bomba bora huwa na pua ya shaba nyeupe. Mbolea zenye amonia, zikikutana na maji pamoja na chokaa au majivu, hutoa gesi ya amonia, na amonia ni adui wa shaba nyeupe. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India waliligundua jambo hilo kwa hasara: maganda ya risasi ya shaba nyeupe yaliyohifadhiwa karibu na mabanda ya farasi yalipasuka yenyewe wakati wa masika, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chanzo ni amonia iliyotokana na mikojo ya farasi. Kwa hiyo bomba lisiwekwe chumba kimoja na mbolea.

Liko pia kosa linaloharibu chombo na dawa kwa pamoja. Baadhi ya dawa za ukungu zina shaba. Ya zamani zaidi ni mchanganyiko wa mrututu, yaani salfeti ya shaba, na chokaa, ambao sifa zake zilielezwa na Pierre Millardet wa Ufaransa mwaka 1885. Mkulima akiuyeyusha mrututu katika ndoo ya bati au pipa la chuma, hutokea mmenyuko huu:

Zn + CuSO₄ → ZnSO₄ + Cu
Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Shaba huondoka katika maji na kuganda kwenye ndoo ikiwa utando mwekundu. Gramu 100 za mrututu zina takriban gramu 25 za shaba. Shaba hiyo yote ikiganda, takriban gramu 26 za zinki zitakuwa zimeondoka katika ndoo. Hapo ndoo imepoteza kinga yake, na shaba iliyoganda juu yake, ikiwa ni kathodi, huzidisha kutu. Hasara kubwa zaidi ni ya shambani. Maji yanayopuliziwa viazi yamepungukiwa na ile shaba iliyotakiwa kuua ukungu. Mkulima ametoa fedha, amefanya kazi, amebeba bomba mgongoni asubuhi nzima, na majani yake hayana kinga. Kisha huilaumu dawa, kama mtumishi wa Makambako alivyomlaumu muuzaji. Ndoo ya plastiki ingemwokoa.

Kwa hiyo bomba nalo litunzwe kwa mpangilio wa mvuvi. Lioshwe kwa maji safi mara tatu siku ile ile, maji hayo yapite pia katika mpira na pua. Lining'inizwe kichwa chini likauke. Vyuma vyake vipakwe mafuta kidogo. Maji ya kuoshea yamwagwe shambani palipopuliziwa, wala yasimwagwe kijitoni, kwa kuwa shaba ni sumu kwa samaki.

Msaada ulio katika gome

Njombe ina rasilimali ambayo wanafunzi wake huiona kila siku bila kuihusisha na kutu. Mti wa muwati, ambao jina lake la kisayansi ni Acacia mearnsii na asili yake ni Australia, umekuwa ukilimwa katika milima ya Njombe kwa ajili ya gome lake, hasa tangu Kampuni ya Tanganyika Wattle ilipoanzishwa mwaka 1949. Gome hilo hutoa tanini, inayotumika kudabighi ngozi. Tanini imo pia katika chai ya Lupembe na Luponde, nayo ndiyo inayoleta ule ukakasi ulimini.

Tanini huungana na ayoni za chuma na kufanya kampaundi nyeusi isiyoyeyuka kwa urahisi. Kisu cha chuma cha kawaida kikikata gome bichi la muwati huacha alama nyeusi kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo, tanini ikipakwa juu ya kutu nyembamba iliyoshikamana na chuma, huigeuza kutu hiyo kuwa utando mweusi unaopunguza mwendo wa ulikaji na kuwa msingi mzuri wa rangi. Dawa nyingi za viwandani za kugeuza kutu zina asidi ya tanini, na wahifadhi wa makumbusho huitumia kwa mizinga na nanga zilizoopolewa baharini.

Hata hivyo wahifadhi hao hufanya jambo moja kwanza: huiondoa chumvi, kwa kuviloweka vyuma hivyo kwa muda mrefu sana. Tanini haina uwezo juu ya chumvi iliyofichama chini ya kutu, wala haishiki juu ya magamba yanayobanduka. Pia si badala ya rangi wala ya mafuta. Mpangilio unabaki ule ule: kuosha, kukausha, ndipo kupaka.

Watu wa pwani nao wana tanini yao. Gome la mkoko lina tanini nyingi, na zamani lilisafirishwa ng'ambo kutoka delta ya Rufiji kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Mkoko unaoota katika maji ya chumvi na muwati unaoota katika ukungu wa Njombe vina kitu kimoja ndani ya magome yake.

Majaribio kwa shule

Jaribio la kwanza. Misumari 6 ya chuma isiyopakwa zinki isuguliwe kwa msasa, ipimwe uzito, na kila mmoja uwekwe katika chupa yake. Chupa ya 1 iwe na maji ya mvua yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta ya kula. Ya 2, maji ya mvua tu. Ya 3, gramu 3.5 za chumvi katika mililita 100 za maji. Ya 4, maji kama ya 3, lakini chumvi iongezwe mpaka isiyeyuke tena. Ya 5, maji kama ya 3, na msumari uzungushiwe waya wa shaba. Ya 6, gramu 3.5 za CAN katika mililita 100 za maji. Baada ya siku 10 misumari isafishwe kwa brashi, ikaushwe na kupimwa tena. CAN isichemshwe wala isichomwe moto.

Wengi watatazamia chupa ya 4 iongoze chupa ya 3, kwa kuwa ina chumvi zaidi. Mara nyingi huwa kinyume. Chumvi ikizidi sana, oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua, na ulikaji hupungua nayo. Kiasi kinacholeta kutu kwa wingi ni karibu na asilimia 3, yaani karibu na kile cha bahari yenyewe.

Jaribio la pili. Gramu 5 za mrututu ziyeyushwe katika mililita 100 za maji ndani ya bilauri ya kioo, na msumari uliosuguliwa utumbukizwe kwa dakika 10. Rangi ya msumari na rangi ya maji ziandikwe kabla na baada. Mikono ioshwe, na bilauri hiyo isitumiwe tena kwa kunywea.

Jaribio la tatu. Gramu 100 za gome la muwati lililokatwakatwa zichemshwe kwa nusu saa katika lita 1 ya maji, katika chungu au sufuria isiyo ya chuma. Vichukuliwe vipande vitatu vya chuma chenye kutu nyembamba. Cha kwanza kiachwe kilivyo. Cha pili kioshwe, kikaushwe na kupakwa maji ya gome mara mbili. Cha tatu kiloweshwe kwanza katika maji ya chumvi, kikaushwe bila kuoshwa, kisha kipakwe kama cha pili. Vyote vitundikwe nje ya darasa kwa mwezi mmoja wa baridi, na vikaguliwe kila Ijumaa.

Maswali

1. Eleza kwa nini kifaa cha mtumishi wa Makambako kisingeharibika kwa kiasi kile kama angekiosha pwani, hata kama kingekaa miezi mitatu katika ukungu.

2. Mkulima ameona pua ya bomba lake ina nyufa ndogo, ingawa haina kutu ya kahawia. Taja chanzo kinachowezekana na njia ya kukizuia.

3. Mkulima mmoja ameyeyusha gramu 200 za mrututu katika pipa la chuma. Ikiwa shaba yote imeganda, kokotoa uzito wa chuma kilichoyeyuka. (Cu = 63.5; Fe = 56; S = 32; O = 16; H = 1. Mrututu ni CuSO₄·5H₂O.)

4. Katika kijiji au mtaa wa shule, tafuta chombo kimoja kilicholiwa na kutu. Eleza maji yake yalitoka wapi, chumvi yake ilitoka wapi, na ni wakati gani mwenye chombo angeweza kuukata mzunguko.

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa jibu lake halimo kitabuni. Mwanafunzi atakayelijibu vyema atakuwa amekiokoa chombo cha mtu, na katika kaya ya mkulima chombo kimoja kilichookolewa ni fedha isiyotumika mara mbili.